Benchi la mbao za jahazi kuukuu, fanya hivi

Huku Lamu jahazi likichoka linavutwa ufuoni linabaki hapo, mwisho mbao zinaishia kuwa kuni. Kabla hujabeba tafuta mwenyewe mpatane, hakuna jahazi lisilo na mwenyewe hata likionekana limetupwa.

Kikalio toa kwenye mbao za ubavuni, miguu chukua mataruma, yale magongo yaliyopinda ya ndani. Mafundi huyakata kwenye miti iliyojikunja yenyewe, yaani nyuzi za mti zinafuata kona, ndo maana hayavunjiki ovyo kama ubao ulionyooka uliokatwa umbo la kona kwa msumeno. Usiyanyooshe jamani! Pindo lile ndo uzuri wenyewe, ukilinyoosha bora ungenunua mbao mpya dukani. Chomeka kisu kila ubao, kikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha achana nao.

Osha kwa maji ya mvua au ya kisima yasiyo na chumvi, rudia, kisha panga kivulini na vijiti katikati upepo upite, na usiwe na haraka, ubao ukikauka juani unapasuka. Pamba ya kalafati, ile iliyoziba mianya kati ya mbao, ichokoe kwa patasi ya zamani. Misumari pitisha sumaku, maana kuna iliyokatikia ndani huioni na mmoja tu unaharibu kisu cha randa.

Rangi ya zamani mi naiacha, ile bluu iliyofifia huwezi kuipaka upya ikawa vile, napitisha msasa wa maji kidogo tu pale panapobanduka. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi kwa hiyo vaa barakoa, na vipande vyenye rangi usichome jikoni.

Kuunga: chonga ulimi juu ya kila taruma, toboa tundu kikalioni, gongea, halafu tia kabari ya mbao ngumu kwenye ulimi, ikatize nyuzi za kikalio, ukiilaza kufuata nyuzi unapasua ubao. Urefu sentimita 45 unawatosha wengi, ila miguu iliyopinda haipimiki kwa rula, liweke benchi sakafuni palipo sawa uchore mstari kuzunguka kila mguu kwa penseli iliyolazwa juu ya kigae, ukate hapo.

Mwisho paka mafuta ya kitani mkono mwembamba, ufute yaliyobaki. Sifa, yale mafuta ya papa, waachie wenye vyombo, harufu ile sebuleni hapana. Matambara ya mafuta yatandaze nje yakauke, ukiyarundika yanaweza kuwaka yenyewe.