Jinsi ya kulinganisha Mazda MX-5 ya zamani (NA) na mpya (ND)

MX-5 ni gari dogo la michezo la viti viwili; NA ni kizazi chake cha kwanza, ND cha nne. Anza na matairi. NA ya injini ya lita 1.6 iliyotoka 1989 huvaa 185/60 R14, upepo psi 26. ND ya 2.0 huvaa 205/45 R17, psi 29. Pima yakiwa ya baridi. Upepo ukizidi, NA hurukaruka na utazilaumu shoksi bure.

Halafu ikague NA kwa makini, maana iliyochoka haifai kulinganishwa na chochote. Bonyeza kwa kidole gumba bati la chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma. Mifereji ya paa la turubai ikiziba majani, maji hutuama humo na bati huoza kutoka ndani. Rangi ikifura, kutu imeshakula. Chungulia pia puli ya krankshafti, gurudumu la mikanda lililo mbele ya injini. Yenye mapengo manne ni ya injini za mwanzo, zenye krankshafti ya ncha fupi. Ikiyumba injini ikiwa imewashwa, iache gari hiyo.

Kwa ND, sikiliza kama gia ya pili au ya tatu inakwaruza, hasa za miaka ya mwanzo.

Endesha NA kwanza, kisha ND, kona ileile, gia ya pili. NA isiyo na pawa stelingi ni nzito kuegesha, lakini ikishika mwendo mikono huhisi tairi la mbele likianza kuteleza. Usukani wa ND husaidiwa na mota ya umeme: ni mwepesi na sahihi, ila hisia hiyo hufifia. Bodi yake nayo hulala sana kwenye kona. Ngoja itulie ndipo ukanyage mafuta.