Siku ya mwisho jahazini Lamu, kabla ya ndege ya Manda

Wageni wakikodi jahazi kuzunguka visiwa vyetu huniuliza sana kuhusu siku ya kwanza: watalala wapi, watakula nini, Kiwayu ni mbali kiasi gani. Ya mwisho hawaiulizi, na ndiyo inayowatoa jasho. Mimi ni baharia wa hapa Lamu. Safari nyingine nashika usukani, safari nyingine niko jikoni kama nahodha ni mkubwa wangu. Ninalowaambia wote ni moja: kabla hujatazama tiketi, uliza maji yanajaa saa ngapi.

Sababu ni Mkanda. Huo ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na mikoko huku, na ndiyo njia ya kurudi mjini kutoka Pate, Siyu, Faza na Kiwayu bila kutoka bahari kuu. Maji yakipwa, jahazi lenye watu na vyombo linakaa topeni, na hapo hakuna pesa wala ukali utakaolisogeza. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kufika saa nne asubuhi yameshatoka. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ikipita wiki ni maji mafu, na mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ingawa hayajai sana. Sasa una ndege saa sita mchana, na ni bamvua, na usiku wa mwisho umelala Siyu. Utapita Mkanda saa ngapi? Ama uamshwe usiku wa manane upite gizani, ama ndege iruke ukiitazama.

Kwa hiyo lala upande wa huku. Pita Mkanda jana yake, maji yakiwa juu, utie nanga mbele ya Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu. Kuzunguka Manda kwa nje kunawezekana bahari ikiwa shwari, miezi ya kaskazi. Kusi likivuma, nje ya mwamba kuna mawimbi ya kukutapisha chakula cha juzi, na nahodha mwenye akili atakataa hata ukimwongeza. Jambo jingine: magofu ya Takwa watu hupenda kuyaacha ya mwisho kwa kuwa yako Manda, karibu na uwanja wa ndege. Lakini hori ya Takwa, mkono wa bahari unaoingia huko, nayo huingilika vizuri maji yakijaa tu. Usitake Mkanda na Takwa katika maji mamoja. Chagua, au ongeza usiku.

Asubuhi ya mwisho ukiwa na nafasi, kuogelea na miwani hakuna neno. Kuzamia kwa mtungi ni habari nyingine: ukishazamia mara kadhaa, kaa saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Mabegi yafunge jioni, kukiwa na mwanga. Mwombe mpishi ndoo ya maji matamu yaliyobaki pipani, suuza nguo za kuogea, halafu uliza pa kuanika. Wageni wakiona kamba yoyote huitundikia kikoi. Wengi hukimbilia demani, kamba inayoshika tanga. Tukigeuza jahazi, kikoi kinakwenda na maji. Nguo mbichi zina uzito, na ndege ndogo za kwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, nyingi hukupa kilo 15 tu, tena katika begi laini. Matumbawe na kitu chochote cha ng'amba, yaani gamba la kasa, usivitie begini, sheria haina mchezo. Makombe nayo yaache ufukweni, yatakuletea maswali. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi nguo zako mbichi zifunge kwa kanga.

Zawadi? Makubadhi ya ngozi nunua ukiwa Siyu kwenyewe. Kofia ya mkono nunua mjini, na usilalamike bei kabla hujamwona mtu akiishona. Ni kazi ya wiki na wiki. Halwa ichukue mwisho kabisa. Ikiwa ni Ijumaa, fanya haya yote mapema, maana adhuhuri maduka yanafungwa na mabaharia tunakwenda msikitini. Chombo cha kukuvusha pia panga kisiangukie hapo. Na ukishuka mjini kutoka jahazini, jifunge kitu. Nguo ya kuogelea ni ya baharini.

Bakshishi huwa inawatatiza watu. Mpe nahodha mbele ya wenzake wote, kwa mkupuo mmoja na kwa sauti: "Hii ni yenu nyote." Kumchomekea mmoja noti pembeni ni kutuachia ugomvi. Mtoto anayeteka maji ngamani, chini kabisa ya jahazi, usimsahau katika hesabu.

Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya mji, na huwezi kufika bila chombo. Mwambie nahodha saa ya kuruka usiku uliotangulia, na umwonyeshe tiketi yenyewe. Kuvuka kwa boti ya injini ni dakika chache, lakini tanga bila upepo halina ahadi. Asubuhi ya ndege usione haya kukodi injini. Mahamri na mbaazi kula kwanza, kwani ukishavuka utakuta chai na vitafunio tu, ukibahatika.

Mwisho ni Nairobi. Wilson na JKIA, uwanja wa ndege za nje, ni viwanja viwili tofauti, na barabara ya kati ina foleni zake. Kama ndege yako ya nje ni ya usiku huohuo, chukua ya asubuhi kutoka Manda, usichukue ya alasiri. Na kama ya alasiri ndiyo pekee iliyobaki, lala Nairobi, uruke kesho yake.