Somo: Namna ya kununua kamera ndogo ya dijitali kwa laki mbili bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, salaam. Msimu wa kipaimara na sendofu ukikaribia huwa napigiwa simu na kuulizwa swali lile lile: "Nina laki mbili, nataka kamera ndogo ya kupigia picha, nichukue ipi?" Nimechoka kulijibu kwa simu, naliandika mara moja.

Mimi si mtu wa studio. Napiga picha za shughuli za mtaani huku Mbagala, Dar es Salaam: paspoti, mahafali ya chekechea, misiba, siku za kuzaliwa. Natumia kamera ndogo za mtumba na nimeshapigwa mara mbili. Mara ya kwanza niliuziwa kamera inayong'aa kama imetoka kiwandani jana. Nimefika nyumbani, kadi yangu ya kuhifadhia picha, ya SD, haiingii. Nageuza huku, nageuza kule, wapi. Kumbe inatumia kadi ya aina nyingine kabisa, ambayo niliisaka Kariakoo siku mbili, na nilipoipata niliambiwa bei iliyonifanya nikae chini. Mara ya pili nitaisimulia mbele.

Hatua ya 1: Gawa hela kabla hujatoka nyumbani

Laki mbili zako si za kamera peke yake. Kuna kadi, betri ya akiba na chaja, maana kamera nyingi za mtumba zinakuja bila chaja na muuzaji anakwambia "chaja zipo tele mjini". Mimi huweka elfu hamsini pembeni na siigusi hata muuzaji akilia. Kwa hiyo unatafuta kamera ya laki na nusu. Ukienda na laki mbili zote mfukoni utarudi na kamera iliyozima na huna cha kuiwashia.

Hatua ya 2: Sahau megapikseli

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Mwaka 2008 Canon walitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata wakatoa G11, kaka yake mdogo, ikiwa na megapikseli 10. Walishuka kwa makusudi, kwa sababu ukijaza vipokea mwanga vingi mno kwenye sensa ndogo (kile kibati cha ndani kinachonasa picha), kila kimoja kinapata mwanga kidogo, na picha za usiku zinajaa chengachenga.

Megapikseli 10 ni picha ya nukta 3648 kwa 2736. Ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata karatasi ya inchi 12 kwa 9, kubwa kidogo kuliko A4. Mteja wako anataka ya ukubwa gani? Wengi wanataka ya kuweka "profile" ya WhatsApp.

Kwa hiyo ukikutana na kamera mpya ya plastiki, jina hulijui, boksi limeandikwa megapikseli 48, 4K, zumu mara 16, na bei ni ya kutupwa, pita. Zumu hiyo haina lenzi inayosogea, inakata katikati ya picha na kuikuza. Megapikseli nazo ni za kuvutwa kwa programu, kama uji ulioongezwa maji.

Hatua ya 3: Soma maandishi yaliyoko kwenye lenzi

Kuzunguka lenzi kuna namba ambazo muuzaji hawezi kuzibadilisha. Mfano, Canon PowerShot S90 imeandikwa 6.0-22.5mm 1:2.0-4.9. Canon IXUS 185 imeandikwa 5.0-40.0mm 1:3.2-6.9. Tazama ile inayofuata baada ya 1 na nukta mbili. Ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi. Kati ya 2.0 na 3.2 tofauti inaonekana ya kitoto, lakini kwa mwanga ni zaidi ya mara mbili na nusu. Namba ya mwisho ni pale ulipovuta zumu yote: imekua, mwanga umepungua. Ndiyo maana picha zako za ukumbini unazopigia mlangoni huku umevuta zumu zinatoka zimetikisika.

Kisha sensa. Nyingi za bei rahisi zina sensa inayoitwa 1/2.3, yenye eneo la milimita za mraba kama 28. Iliyomo kwenye S90 ni 1/1.7, kama milimita 42. Sensa ya inchi 1, iliyoanza kuingia kwenye kamera za mfukoni na Sony RX100 mwaka 2012, ina 116.

Sasa piga hesabu. S90 ni ya mwaka 2009, IXUS 185 ni ya 2017. Mzee wa 2009 mwenye megapikseli 10 anampita kijana wa megapikseli 20 kwenye ukumbi wa kanisa wenye tyubulaiti mbili, kwa sababu ana sensa kubwa na tundu pana. Ilipotoka S90 ilikuwa kamera ya watu wenye hela. Wewe unainunua wakati wenye hela wameshaichoka.

Hatua ya 4: Majina ya kuandika kwenye karatasi

Canon S90, S95, S100, S110, S120. Hizo ndizo za kuulizia kwanza. RX100 ya kwanza ukiiona kwa bei yako, ichunguze mara mbili, huenda ina ugonjwa. Ukikosa hizo, chukua Canon mfululizo wa A zinazotumia betri za kawaida za AA, kama A1200, ambayo hata kitundu cha kuchungulia inacho, unapiga juani bila kuhangaika na kioo.

Kando kidogo: vijana wa Ulaya na Marekani wamezirudia kamera hizi za zamani, wanaziringia mitandaoni, na bei zimepanda. Kwa hiyo usishangae muuzaji akikuambia "hii ni ya kisasa" ilhali ina umri wa mwanao wa sekondari.

Kuhusu kadi: Sony nyingi za kabla ya 2010 zinataka Memory Stick, na Olympus na Fujifilm nyingi za miaka hiyo zinataka xD. Usiziguse. Na kamera ya SD ya kabla ya 2006 inaweza kukataa kadi iliyozidi GB 2. Kadi salama kwa nyingi ya hizi nilizotaja ni SDHC (SD yenye nafasi kubwa zaidi) ya GB 16 au 32, usipande hapo.

Hatua ya 5: Dukani

Hii ndiyo hatua yenyewe, zilizobaki ni maneno.

Nenda mchana, na kadi yako tupu, gazeti moja, na simu yenye tochi. Omba wakuwekee betri yenye chaji. Akisema "betri imeisha lakini kamera nzima", mwambie utarudi, na usirudi.

Washa na uzime mara tano, kamera ikiwa karibu na sikio. Lenzi nzima inatoka kwa mlio laini wa mashine ndogo. Ukisikia mkwaruzo, kama mtu anatafuna mchele wenye mawe, huo ni mchanga.

Sasa ile mara yangu ya pili. Kamera iliwaka, ilipiga, lenzi ilitoka vizuri, nikalipa. Usiku nikaielekezea tochi ya simu kwa pembeni, nikaona ndani ya kioo nyuzi nyembamba nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama mizizi ya mchicha ukiung'oa. Kuvu. Pwani yetu hii ina unyevu, na kamera ikikaa kabatini kwenye mfuko wa ngozi, kuvu inakula lenzi. Picha zilikuwa na ukungu kila nilipopiga kuelekea dirishani. Tangu siku hiyo tochi naimulika kabla sijauliza bei: mwanga uingie kwa ubavu, wewe uangalie kwa mbele.

Halafu piga picha ukuta mweupe huku umevuta zumu yote. Doa la kijivu likitokea mahali pale pale kwenye picha tatu, kuna vumbi ndani. Bandika gazeti ukutani, piga ukiwa umesimama sawa, kisha kuza picha kwenye kioo na uangalie kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na tatu zinasomeka, kamera ilishaanguka, hata kama bodi haina mkwaruzo.

Fungua mlango wa betri. Rangi ya kijani kwenye vyuma ni kutu ya betri iliyovuja. Kufuli ya mlango ikiwa imekatika utaishi na mpira wa kufungia maisha yako yote.

Mwisho angalia jina la picha uliyopiga. Kwenye Canon, IMG_0312 ina maana tofauti na IMG_8740. Namba inaweza kuanzishwa upya na ikifika 9999 inarudi mwanzo, kwa hiyo si ushahidi wa mahakamani, lakini akikuapia kwamba kamera "haijatumika kabisa" na picha yako ya kwanza inatoka na namba 8740, unajua unaongea na nani. Dai risiti iliyoandikwa jina la kamera na siku tatu za kuijaribu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya: Mkuu, somo limeeleweka. Mimi nina laki moja tu, nisubiri?*

Usisubiri, tafuta ile ya AA. Ila usiweke betri za saa ya ukutani, zitakufa kabla hujamaliza kupiga wazazi wa bibi harusi. Nunua betri nne za kuchaji za NiMH na chaja yake. Mbili kwenye kamera, mbili mfukoni.

*Mwanachama wa Arusha: Simu yangu inapiga vizuri, kwa nini nibebe mzigo mwingine?*

Kama simu yako ni nzuri na unapiga familia tu, baki nayo, na kwa video itaishinda kamera hizi nyingi. Kamera inashinda kwa vitu viwili: zumu ya kweli ya lenzi, na flashi yenye nguvu ya kweli. La tatu si la kiufundi: simu ikiita katikati ya kumvisha mtu pete, umekosa picha.

*Mwanachama wa Unguja: Shikamoo kaka. Yangu imeanguka ufukweni, lenzi imetoka nusu imegoma, kioo kinaandika kosa la lenzi. Niisukume?*

Marahaba mdogo wangu. Usiisukume, meno ya gia ni ya plastiki. Toa betri, igeuze lenzi itazame chini, pigapiga taratibu kwa kiganja, puliza kwa kipuliza cha mkono pembeni mwa lenzi, rudisha betri yenye chaji kamili. Ikigoma tena muulize fundi bei kabla hajaifungua. Kwa kamera hizi, ufundi mara nyingi unakaribia bei ya kununua nyingine.

*Mwanachama wa Temeke: Nimeona moja imetoka Japani, safi sana, lakini menyu yote ni Kijapani. Inabadilika?*

Inategemea kampuni. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, hakuna lugha ya kuchagua. Ingia kwenye menyu mbele ya muuzaji, itafute Kiingereza. Akisema "utabadilisha nyumbani", abadilishe yeye hapo hapo.

*Mwanachama wa Mombasa: Hiyo kuvu, mtu aizuie vipi huku kwetu kwenye joto na bahari?*

Dada, tafuta kopo la plastiki linalofunga kabisa, weka vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kamera iwe ndani humo, si kwenye mkoba wa ngozi. Na itumie. Kamera inayotoka nje kila wiki haioti kuvu kirahisi.

*Mwanachama wa Morogoro: Nimenunua S95, betri niliyouziwa haiingii. Muuzaji anasema Canon zote ni sawa.*

Si sawa. S90 na S95 zinatumia NB-6L. S100 na S110 zinatumia NB-5L. Namba imeandikwa kwenye betri yenyewe. Rudisha leo, risiti ikiwa mkononi.

*Mwanachama wa Dodoma: Nataka kuanza na picha za paspoti. Nikipiga, watu wanalalamika pua zimekuwa kubwa.*

Unasimama karibu mno na lenzi ikiwa kwenye upana wake wote, yaani hujavuta zumu kabisa. Rudi nyuma kama mita mbili, vuta zumu mpaka katikati, mteja akae barazani kwenye kivuli saa nne asubuhi, zima flashi. Nyuma yake tundika shuka jeupe, na ulipige pasi kwanza, mikunjo yote inaonekana.