Somo: kupunguza "sss" na "puh" kwenye rekodi za matangazo kabla hujagusa programu

Wakuu habari zenu. Kuna sentensi imenitesa kuliko zote, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Nilirekodi tangazo nikamtumia mteja, akanijibu kwamba sh na s zinamchoma masikio akisikiliza kwenye gari, basi nikashika di-esa (kifaa cha ndani ya programu kinachopunguza makali ya s) nikaikaza mpaka mwisho na "elfu sita" ikawa "elfu thita", yaani nasikika nina kithembe. Ndo nikajifunza kwamba kazi kubwa inafanyika mdomoni na kwenye maiki, programu inakuja kumalizia tu.

Hatua ya kwanza, sehemu ya kukaa. Pima shibiri moja kutoka mdomo hadi maiki, kama sm 20. Halafu usiitazame uso kwa uso, ipandishe usawa wa pua uiinamishe ielekee mdomo, au isogeze pembeni kidogo. Jaribu hivi sasa hivi: weka kiganja mbele ya mdomo useme "pesa, pombe, papai", upepo utausikia unapiga. Sogeza kiganja usawa wa shavu urudie, upepo hamna ila sauti bado ipo. Hapo pa shavu ndo maiki inapotaka kukaa. Na sisi tuliokulia pwani tuwe makini zaidi, paa yule mnyama tunamtamka na pumzi nyingi kuliko paa la nyumba, na maiki inaisikia hiyo tofauti vizuri sana.

Hatua ya pili, pop filta, yaani kichujio cha kuzuia upepo wa mdomo usipige maiki. Huna hela? Kunja waya wa hanga uwe duara, vuta stokingi juu yake, weka vidole vinne mbele ya maiki. Itakata p na b, ila kwenye s usitegemee sana.

Tatu ni mdomo wenyewe. Ukitabasamu sana midomo inatanuka na s inakuwa kali, kwa hiyo legeza, na s usiivute, iguse upite. "Usisahau" ina s mbili zimefuatana, ifanyie mazoezi hiyo.

Sasa ndo programu. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) weka hai-pasi filta, ile inayokata sauti nzito za chini, Hz 80 (sauti ya kike hata 100). P iliyobaki ichague yenyewe tu, uipitishe hai-pasi ya 150 hivi. S zilizochomoza mi nazishusha kwa mkono, moja moja, desibeli 4 mpaka 6, inachosha lakini haiharibu sauti. Di-esa iwe ya mwisho, tafuta kati ya Hz 5,000 na 8,000, isikate zaidi ya desibeli 3 au 4. Na ukishapiga kompresa (inayobana sauti kubwa zilingane na ndogo) sikiliza upya, maana inashusha irabu, ukirudisha volyumu s zinapanda nayo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kaka mi narekodi na simu, hiyo stokingi naiweka wapi?
Jibu: Achana nayo dada. Maiki ya simu iko chini, ishike pembeni ya mdomo karibu na shavu kama unapokea simu, usiiweke mbele ya midomo. Rekodi ukiwa umeelekea kabati la nguo lililo wazi, chumba kitupu kinakurudishia s zako.

Swali: Nina maiki ya kondensa ya bei rahisi, s zinakata kama wembe. Ninunue maiki ya Shure SM7B?
Jibu: Subiri kwanza mkuu. Kondensa nyingi za bei hiyo zimepandishwa sauti za juu, igeuze pembeni kidogo uone. Ikishindikana, maiki ya Shure SM58 inatosha kabisa. SM7B inataka geini (kukuzwa sauti) kubwa, kama desibeli 60, intafesi ndogo (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) itakuletea mvumo.

Swali: Kwenye laptopu iko safi, mteja akipokea WhatsApp anasema s zinachakaa.
Jibu: Usitume kama voisi noti, inabanwa. Tuma faili kama dokyumenti, WAV au MP3 ya kbps 320.

Swali: Nina mwanya meno ya mbele, s inapiga mluzi.
Jibu: Shusha ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya chini, usukume hewa kidogo. Mluzi ukibaki, tumia ikyu (ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti) nyembamba, ipandishe utembeze mpaka uupate, kisha shusha hapo hapo tu. Mwanya wenyewe uache, sauti yako ndo hiyo.