Kabla hujajenga ukuta wa kuzuia udongo na kuubandika mawe

Viwanja vingi vinavyouzwa sasa Mombasa viko kwenye miteremko ya kushukia hori la Tudor na Port Reitz. Ukinunua hapo, siku moja utahitaji ukuta wa kuzuia udongo, na utataka upendeze kwa mawe ya Mazeras. Soma haya kabla hujamwita fundi.

Ujue udongo wako. Kisiwani na Nyali chini ni matumbawe, maji hupenya. Changamwe, Mikindani na Miritini ni mambo mengine: mwamba wa huko ni laini, wa tabaka tabaka, na ukioza hugeuka udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Chimba shimo ujionee mwenyewe, usiambiwe na aliyekuuzia.

Ukuta ukizidi mita moja, tafuta mhandisi aliyesajiliwa, na upate kibali cha kaunti. Hapa hakuna mjadala.

Msingi uwe mpana, kwa kawaida nusu hadi theluthi mbili ya kimo cha ukuta. Mchanga wa bahari usiuguse, hata ukiletewa bure. Chumvi yake hula nondo. Nondo ikishika kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Zege inayoifunika nondo isipungue milimita 50, na pale inapomwagwa juu ya udongo wenyewe, 75.

Sasa maji. Hapa nisikilizeni vizuri.

Ukuta wangu wa Mikindani ulikuwa na kimo cha mita mbili na kitu. Bloku za saruji, nondo ndani, zege ikashindiliwa vizuri. Mhandisi alichora mabomba ya inchi mbili yatokeze mbele kila mita moja na nusu ili kutoa maji, na nyuma ya ukuta kokoto tupu kwa upana wa futi moja. Yote yalifanywa. Kisha akaja fundi wa mawe, mtu mwenye mkono mzuri kweli. Siku ya pili akaniita: "Mamangu, haya mabomba yakitokeza kwenye mawe yataharibu sura. Tuyafunike, maji yatajitafutia njia." Niliyatazama yale mabomba ya plastiki ya kijivu katikati ya mawe yale ya rangi ya asali, nikamwambia afunike.

Ukuta ukasifiwa na kila aliyepita. Mvua za vuli zikaja zikaenda, salama. Masika yalipoanza, nikaona unga mweupe umetoka kwenye maungio ya mawe, kama chumvi iliyokauka kwenye shati. Nikausugua kwa brashi. Wiki iliyofuata ulikuwa umerudi, na sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa mbichi hata jua la saa nane likiwaka. Nikagonga jiwe kwa kifundo cha kidole, likalia tupu, kama mtungi. Nilitakiwa kumpigia mhandisi simu siku ile ile. Sikumpigia.

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Usiku wa tatu wa mvua mfululizo nikasikia ko, ko, mawe yakidondoka moja moja kwenye sakafu. Nikatoka na tochi. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, na ufa umekata kwa ulalo kutoka pembe hadi pembe, maji yakiruka humo kama bomba lililopasuka. Nikakimbia kumgongea jirani wa chini, mama mwenye watoto wanne, awatoe chumba cha nyuma. Kabla ya alfajiri ukuta ukalala juu ya jiko lake na tangi lake la maji. Watu walipona, alhamdulillahi. Jiko nililijenga upya kwa gharama yangu, na bado nikimwona yule mama naona haya.

Mhandisi alinieleza baadaye. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 2, hayo maji peke yake huusukuma kwa karibu tani 2 kwa kila mita moja ya urefu wake wa mlalo. Udongo mkavu wa kawaida hausukumi hivyo. Ndugu yangu anayeishi Toronto aliponisikia alisema kwao maji hayo hayo huganda wakati wa baridi, yakatanuka kwa karibu asilimia 9 na kung'oa mawe yaliyobandikwa. Misingi huko huchimbwa kiasi cha mita 1.2 ili ipite chini ya udongo unaoganda. Sisi hatuna barafu. Tuna Mei.

Kwa hiyo matundu ya mabomba yabaki wazi, yatokeze mbele ya mawe, sio nyuma yake. Kokoto zitenganishwe na udongo kwa kitambaa maalum cha kuchuja, la sivyo matope yataziba kila kitu. Maji ya paa na ya bafu yaelekezwe kwingine. Mawe yasibandikwe kabla udongo haujarudishwa nyuma na ukuta kutulia. Jiwe lioshwe vumbi mgongoni, lilowe, na lipakwe saruji mgongo mzima, sio madonge manne kwenye pembe. Vyuma vya kulishikilia viwe vya chuma cha pua, kile kisichoshika kutu upesi. Karibu na bahari hivi vingine havidumu. Usiegeshe lori juu ya ukuta, usipande mwarobaini karibu nao, usimruhusu mtu kuongeza kozi mbili za bloku juu kwa sababu anataka faragha. Na mvua kubwa ikikatika, shuka chini uyatazame matundu. Yakiwa makavu ilhali udongo wa juu umelowa chepechepe, chukua kipande cha nondo uyazibue siku hiyo hiyo, na umpigie mhandisi.