Kabla hamjachanga kodi ya nyumba Dar

Watu wakitafuta mtu wa kukaa naye wanachunguza sana tabia, sijui anakoroma, sijui anaosha vyombo, sawa, ila kwa Dar mimi naona kinachovunja nyumba ni hela ya kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, sasa chukua apatimenti ya Mikocheni ya laki nane kwa mwezi mkiwa wawili, hiyo ni milioni 4.8 ya kodi na laki nane ya dalali, yaani kila mtu anatoa milioni 2.8 hata pazia hajanunua.

Kwa hiyo ulizaneni mapema, mmoja akihamishiwa Dodoma mkiwa mmekaa miezi mitatu tu inakuwaje? Mwenye nyumba kurudisha hela sahau. Andikeni kabisa kwamba anayetoka ndo anatafuta mtu wa kuziba nafasi na huyo mpya anamlipa yeye ile miezi iliyobaki, ila anayebaki ana haki ya kumkataa huyo mtu. Na mkataba uwe na majina yenu wote, msikubali aandikwe mmoja eti kwa vile yeye ndo aliongea na dalali, siku mkikorofishana asiye na jina anageuka mgeni hapo hapo. Mwenye chumba masta alipe zaidi, hili wala halihitaji kikao.

LUKU sasa, yaani umeme wa kulipia kabla. Mmoja ana kiyoyozi mwenzake ana feni, halafu mnachanga sawa kwa sawa, Januari na joto lile mwenye feni lazima anune, bora mkubaliane kabisa mwenye kiyoyozi anaongeza ngapi. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni deni la mwenye nyumba, sio lenu, itajeni siku ya kusaini muone atasemaje (wengi wanajifanya hawajasikia). Kama nyumba ina simtanki ulizeni pampu inavuta umeme kwenye mita ya nani, maana kwenye zile nyumba za wapangaji wengi unaweza kukuta mnapandishia maji jengo zima. Bili ya maji ya DAWASA nayo muione kabla, isije ikawa na deni la waliohama. Gesi ni zamu tu, mtungi huu wako ujao wangu.

Wageni ndo pagumu. Mchumba wa wikiendi mnaongea yanaisha, ila mdogo wako akija kutoka Mwanza kutafuta kazi, akishashuka pale stendi ya Magufuli na begi lake hakuna wa kumwambia arudi, kwa hiyo semeni kabla, labda wiki mbili bure, zikizidi mwenye mgeni anaongeza hela ya umeme na maji, na mgeni analala chumbani kwa mwenyeji wake, sio sebuleni.