Dresaji na viunzi: jinsi ya kuchagua ngazi zinazolingana

Katika mashindano ya pamoja, farasi na mpandaji wake hufanya jaribio la dresaji, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa ambayo hupewa alama, kisha huruka viunzi vya kiwanjani. Mbio za porini hazimo. Nchini Marekani, waandaaji wengi wa mashindano madogo humwachia mpandaji achague mwenyewe jaribio la dresaji na urefu wa viunzi. Wengi hukosea hapo, kwa kuwa majina ya ngazi hufanana ilhali maana zake ni mbalimbali.

Chukua Training. Kwenye dresaji ya Marekani hiyo ni ngazi ya pili kutoka chini, baada ya Introductory: duara zenye upana wa mita 20, telki, yaani mwendo wa mchakamchaka, na kanta, yaani ile shoti ya taratibu. Juu yake zinafuata First, Second na Third; herufi au namba baada ya jina la ngazi ni jaribio ndani ya ngazi hiyo. Kwenye iventingi ya nchi hiyohiyo, yaani mashindano ya dresaji, mbio za porini na viunzi, Training ni viunzi vya mita 1.00. Novice nayo ni mita 0.90 Marekani, lakini Uingereza viunzi vyake vya kiwanjani hufika mita 1.15. Kwa hiyo usijaze fomu kwa kufuata jina. Tazama urefu kwa sentimita, na karatasi ya jaribio uisome mstari kwa mstari.

Kigezo kizuri cha kulinganisha ni kanta. Kila urefu wa kiunzi unadai kanta ya namna fulani, na kila jaribio la dresaji linaonyesha kama farasi anayo. Viunzi vya chini ya mita 0.70 vinaweza kurukwa hata kwa telki, hivyo Introductory A au B, ambazo hazina kanta kabisa, zinatosha. Mita 0.80 inakwenda na Introductory C au Training 1, mita 0.90 na Training 2. Kwenye mita 1.00 chagua Training 3, au First 1 ikiwa farasi hurefusha hatua bila kukimbia.

Mita 1.10 ndiyo mpaka wa kweli. Chini ya hapo farasi mwenye moyo humwokoa mpandaji aliyefika kwenye kiunzi akiwa mbali mno au karibu mno. Kuanzia hapo kosa hilo huangusha fito, au humfanya farasi agome. Ndiyo maana mita 1.10 inahitaji First 2 au 3: duara za kanta za mita 15, nusu duara za telki za mita 10, kwenda upande kwa kutii mguu wa mpandaji, na kurefusha kanta kisha kuirudisha. Hiyo kuirudisha ndiyo yenye thamani kuliko yote. Farasi anayerefuka vizuri lakini akirudi huegemea hatamu, ataangusha kiunzi cha pili cha kila pacha, yaani viunzi viwili vilivyokaribiana. Kwenye mita 1.20 tafuta Second, yenye bega ndani (farasi huenda mbele mabega yakiwa yameingizwa ndani ya njia) na kanta ya kinyume (kanta kwa mguu wa nje ya kona), na kwenye 1.25 tafuta Third, ambako farasi hubadili mguu wa kuongoza, yaani ule wa mbele unaotangulia kwenye kanta, akiwa hewani.

Kabla ya kulipa ada, pima kanta yako nyumbani. Laza fito mbili chini, mita 18 kutoka moja hadi nyingine, kwenye mstari ulionyooka. Pita kwa kanta ya kawaida na uhesabu hatua kati yake: ziwe 5. Rudia kwa 6, kisha kwa 4. Akipata 5 tu, bakia kwenye mita 0.80 au 0.90 na majaribio ya Training. Akipata 5 na 6 kwa utulivu, mita 1.00 inamfaa. Akiweza zote tatu, kwa mpangilio wowote utakaomwomba, bila kuvuta hatamu wala kubadili mguu wa kuongoza, fikiria mita 1.10. Kosa la kawaida ni kutafuta hatua 6 kwa kuvuta mkono. Kanta hufa, miguu ya nyuma hubaki nje, na kiunzini farasi hugonga kwa miguu ya mbele. Kaa wima, bana miguu yako ubavuni mwa farasi, na uache mkono upokee tu.

Sasa hesabu. Asilimia ya dresaji hutolewa kwenye 100 ili kupata pointi za adhabu: asilimia 68 ni pointi 32. Kwa kanuni za iventingi, ufito mmoja kuanguka ni pointi 4, kugoma mara ya kwanza 4, mara ya pili 8, mara ya tatu unatolewa. Kila sekunde ya kuchelewa ni pointi 0.4. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Maana yake asilimia 4 za dresaji ni sawa na ufito mmoja. Ukichagua First 2 ukapata 62, na mwenzako wa darasa hilohilo akachagua Training 1 akapata 70, amekutangulia kwa fito mbili kabla hujaruka. Mwandaaji anayetaka haki apange jaribio moja kwa kila urefu.

Kama ngazi hazilingani ndani ya farasi mmoja, bora dresaji itangulie. Farasi wa Second anayeruka mita 0.80 hatari yake ni ndogo. Farasi wa Introductory anayepelekwa mita 1.10 ni hatari kwake na kwa mpandaji, hata kama ana kipaji cha kuruka. Usimwingize.

Muda unaoruhusiwa kwenye viunzi nao hukokotolewa. Njia ya mita 400 kwa mwendo wa mita 325 kwa dakika inatoa sekunde 74. Wanaochelewa mara nyingi hawana farasi mzito. Hupinda kona pana mno, kwa kuwa duara ya mita 15 haijawakaa.

Siku yenyewe, pasha moto kwa dresaji dakika 30 hivi. Baadaye badili tandiko, na lijamu pia kama ile ya kurukia hairuhusiwi kwenye dresaji. Kwa viunzi, dakika 15 na miruko 8 hadi 10 zinatosha: anza na fito mbili zilizopishana, kisha cha wima, kisha oksa, yaani kiunzi kipana chenye fito mbele na nyuma, na umalizie kwa cha wima kwa urefu wa mashindano. Usipandishe zaidi ya hapo ukidhani unamtia moyo.

Kupanda ngazi, subiri mashindano matatu mfululizo yenye pointi zisizozidi 35 za dresaji, bila kugoma, na ufito usiozidi mmoja. Pandisha dresaji kwanza. Mashindano yanayofuata ndipo upandishe viunzi.